Kitufe cha Aksanti

Vijana wa kituo wameniomba niandike page mbili juu ya miaka yangu ya kazi. Nimekubali, ingawa kila anayenifahamu anajua kwamba page mbili kwangu ni salamu tu. Mke wangu aliposikia habari hiyo aliwaonea huruma watakaosoma, kisha akarudi jikoni. Basi ninyi mnaosoma, mjue kwamba mmekwisha kuonewa huruma. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaacha, kwa sababu vyeo vilikuwa vichache na mishahara ilikuwa na haya ya kujitokeza mbele za watu. Nitaeleza kazi yenyewe: kumwekea mtu asiyeona kompyuta ya kubeba inayosema, na kukaa naye mpaka wazoeane.

Jina langu ni Kasereka. Nilizaliwa Butembo, nikateremkia Goma nikiwa kijana, fundi wa mashine za kuandika za maofisini. Mashine hizo zilipoanza kufa moja moja, nilisikia kwamba kituo cha wasioona kinatafuta mtu wa kutengeneza mashine za braille, zile zenye vitufe vichache zinazotoboa vinundu kwenye karatasi nene. Nikajisemea, kitufe ni kitufe. Siku ya kwanza nilipokelewa na mwalimu wa braille, muzee Kambale, ambaye hakuwa ameona tangu utoto wake. Alinipa mashine iliyokwama. Nikafungua sanduku la vyombo vyangu huku nikimweleza kwamba huenda ni springi imelegea, au huenda ni mafuta yameganda, au huenda ni kutu.

"Funga macho," akasema muzee.

"Muzee, nitatengeneza namna gani na macho ya kufunga?"

"Siye tunaitumikisha na macho ya kufunga kila siku. Funga."

Nikafunga. Vidole vilizungukazunguka, vikachomwa, vikarudi, mwishowe vikakuta kijiwe cheusi cha volkano kimelala chini ya kitufe, kijiwe cha aina ile tunayokanyaga mji mzima. Nilijisikia mtu mkubwa, nikaanza kueleza tena jinsi nilivyokipata. Muzee Kambale aliniacha mpaka nikamaliza.

"Kasereka, uko nasema mingi," akasema. "Hii kazi inaomba mutu wa kusikia. Tutaona."

Hilo "tutaona" alilirudia miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, na kila mara alicheka mwenyewe, kwa kuwa kwake lilikuwa neno la kuazima. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kwamba ukitaka kumwonyesha asiyeona jambo, usimkamate mkono na kuubandika juu ya kitu kana kwamba unapiga muhuri. Weka mkono wako chini ya wake, aufuate akitaka, auache akitaka. Nimewaona mafundi wenye vyeti virefu wakikosea hapo, nami nilikosea mara nyingi kabla ya mkono wangu kukubali kukaa chini.

Kompyuta ya kwanza inayosema ilipofika, ilikuja ndani ya sanduku lililojaa maboksi madogo na waya ambazo mpaka leo sijui baadhi yake ni za nini. Muzee aliipapasa yote, juu, chini na pembeni, kama mtu anayenunua mbuzi sokoni. Halafu akaomba kitenge, akakitandaza juu ya skrini, akasema kuanzia siku hiyo skrini ni yatima. Tukaiwasha. Sauti ya mwanamume ikatoka, ikasema kwa Kifaransa safi kwamba batterie imejaa. Watu wote chumbani wakapiga makofi. Nikasema tujaribu Kiswahili, nikaandika: mutoto anakuja.

Sasa, wale mliokuja juzi mmezoea mashine za kisasa, hamjui tulikotoka. Sauti ile ilikuwa ya Kifaransa na haikujua kwamba kuna lugha nyingine duniani. Kila u iliisoma kwa mdomo wa kukunja, kana kwamba inapuliza makaa yasiyotaka kuwaka. J iliilainisha mpaka ikayeyuka. Neno jambo ikalipitisha puani. Huyo mtoto aliyekuwa anakuja, alikuja kutoka mbali sana.

Muzee Kambale alicheka mpaka akashika meza. "Huyu ni padiri," akasema. "Padiri mupya, alifika jana kutoka Ulaya. Mumupatie kiti."

Jina likakaa. Tangu siku hiyo sauti ya kompyuta pale kituoni iliitwa Padiri. Padiri amekwama. Padiri hana courant, yaani umeme umekatika. Padiri amesinzia, yaani kompyuta imejizima yenyewe kwa kuachwa muda mrefu. Ili Padiri aseme Kiswahili cha watu, tulijifunza kumdanganya: tuliandika moutoto anakoudja, kwa herufi za Kifaransa, naye akatamka vizuri kabisa bila kujua anasema nini. Masomo yetu yote tuliyaandika hivyo. Mtu mwenye macho akiyasoma alidhani tumelewa.

Kazi yenyewe ilikuwa na vitu vyake vidogo, nami navitaja kwa sababu hakuna kitabu kinachovitaja. Beba écouteurs mbili, zile za masikioni, kwa maana moja itakufa siku unayoihitaji. Beba brashi ya rangi, laini, ya kutoa vumbi katikati ya vitufe. Beba pia vernis ya kucha, ile ya akina mama, maana tone moja likikauka juu ya kitufe linakuwa alama ambayo kidole hakipotezi. Mwanamke aliyeniuzia vernis ile sokoni Virunga aliniuliza mama anapenda rangi gani. Nikamwambia rangi yoyote, kwa sababu ni ya kompyuta. Kila nilipopita tena aliwaonyesha wenzake kwa kidevu yule papa mwenye kompyuta inayopaka kucha. Tena, mashine ikisema, fundi anyamaze. Hilo la mwisho lilinichukua muda.

Kesi ya kwanza iliyonitatiza ilikuwa katika mji wa Kiwanja. Nilitumwa kwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyepoteza macho uzeeni. Nilipanda moto, yaani pikipiki, mfuko wa kompyuta kifuani, kofia ya plastiki kichwani, tukapita Rutshuru na vumbi lake mpaka nyumbani kwa mwalimu. Nikawasha, nikamweleza, nikaweka mkono wangu chini ya wake. Mkono ukarudi ukakaa gotini.

"Bado hatujasalimiana," akasema mwalimu.

Nikamsalimia upya. Akanijibu, lakini hakusogea. Nikaelewa kwamba hanizungumzii mimi bali mashine. Basi nikaandika kidogo, nikapanga mashine iseme djambo moualimou kila inapowaka. Nikaizima, nikaiwasha, ikamsalimia.

"Jambo Padiri," mwalimu akajibu. "Habari ya Goma?" Akangoja.

Padiri akasema batterie imejaa.

"Aa, basi iko na nguvu," akasema mwalimu, akanyoosha mikono, tukaanza somo. Nilirudi Goma nikicheka peke yangu nyuma ya motard, mwenye pikipiki. Niliichukua kuwa hadithi ya kuchekesha, kumbe lilikuwa somo, na mwanafunzi mimi sikuwa nimeandika kitu.

Nawafikisha sasa kwa Mama Riziki. Ninyi mnamjua kwa sauti, kama mji mzima unavyomjua. Kabla ya macho yake kufa kwa ugonjwa wa presha ya jicho, alikuwa akisoma matangazo katika radio moja ya mtaani hapa Goma: nani amefariki na kilio kiko wapi, nani ameokota karti ya kitambulisho ya nani, nani amepotelewa na mbuzi. Watu walikuwa wakisema kwamba tangazo la msiba likisomwa na Mama Riziki, hata wadai wa marehemu wanasamehe. Ni mwanamke wa milima ya Masisi, aliyelelewa karibu na misheni, mwenye heshima ambayo siku hizi huipati hata kwa kuagiza. Macho yalipokwisha, mkurugenzi wa radio hakumfukuza. Ni mtu mwema, tena mnyoofu. Alimwambia: ukipata njia ya kusoma, kiti chako kipo. Ndipo Mama Riziki akaja kituoni kwetu kutafuta njia hiyo.

Njia ilikuwepo. Sekretari wa radio anaandika matangazo, anayaweka kwenye clé ya USB, Mama Riziki anaichomeka kwenye kompyuta, anavaa écouteur sikio moja. Padiri anamsomea kipande, yeye anamsimamisha kwa kitufe kimoja, anakisema kile kipande kwenye mikro, kisha kwa kitufe kingine anamwambia Padiri aendelee. Kitufe cha kusimamisha kiko kwenye kona ya chini, kushoto, pale kidole kidogo kinapofika bila kutafuta. Kwa Kifaransa kinaitwa contrôle, neno ambalo katika mji huu humfanya mtu atafute karti yake mfukoni. Mimi sikulipenda, kwa hiyo nilikiita touche ya kunyamazisha. Nilikiwekea tone la vernis nyekundu, nikamfundisha. Alijifunza upesi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye. Kiswahili cha kipadiri hakikumsumbua hata kidogo, kwa kuwa katekisimu yote ya utoto wake aliisikia kwa matamshi hayo hayo.

Siku ya jaribio la kwanza hewani, mimi nilisikiliza nyumbani. Akasalimu wasikilizaji, sauti ile ile, nikajipongeza. Halafu kikaja kimya. Kimya kirefu. Nikatikisa radio yangu, nikabadilisha mawe yake ya betri. Ghafla Mama Riziki akasoma tangazo la msiba kwa mkupuo, akiruka jina la mjomba mmoja na mahali pa mazishi. Kisha kimya kingine, halafu tangazo la mbuzi. Alikuwa anamwacha Padiri asome tangazo zima mpaka nukta ya mwisho, ndipo anafungua mdomo na kusema alichokumbuka.

Matokeo yake hayakuwa kama tulivyodhani. Familia ya marehemu ilikuja radioni kushukuru. Walisema kwa kimya kile Mama Riziki alimlilia muzee wao kuliko hata wakwe zake. Mwenye mbuzi naye alipiga simu akashukuru kwamba radio imemwonea uchungu. Lakini mkurugenzi hakucheka. Alituita sisi wawili ofisini kwake.

"Papa Kasereka," akasema, "radio ikinyamaza, batu banafikiri tumekufa. Mama Riziki, nakuheshimia sana. Nitakupatia nafasi moja tena, Jumamosi hii. Ikikataa, niko na binti moja anasoma muzuri, nitamuweka."

Nikarudi na Mama Riziki nyumbani kwake, kule upande wa Lac Vert, nikiwa na mfuko wangu na maelezo yangu yote. Nilidhani tatizo ni la ufundi. Nikapunguza mwendo wa sauti. Nikabadilisha écouteur. Tukajaribu kusoma mstari kwa mstari kwa mshale wa chini, lakini mistari ya kompyuta haijali mtu anapumua wapi, ikamkata marehemu katikati ya jina lake. Nikarudi kwenye kitufe cha tone jekundu. Nikamwambia akibonyeze, akakibonyeza vizuri. Nikamwekea tangazo refu, nikasema asimamishe popote. Padiri akasoma mpaka mwisho. Kidole cha Mama Riziki kilikuwa juu ya tone, kimetulia.

"Mama, juu ya nini uko nangoja?"

"Nitakatia Padiri maneno namna gani?"

"Lakini huyu si Padiri. Ni mashine."

"Miye najua ni mashine," akasema. "Kidole njo haijue."

Nikamweleza kwa kirefu sauti inavyotengenezwa ndani ya kompyuta, kwamba hakuna mtu, hakuna kanzu, hakuna misa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza Padiri, jambo ambalo lingenifungua macho kama ningekuwa na akili. Kisha akasema, "Heshima si utumwa, Papa. Kwetu mukubwa akisema, unangoja amalize. Weye unaniambia nimunyamazishe. Hata mutoto siwezi kumunyamazisha vile."

Nikatafuta sauti nyingine ndani ya mashine, nikaipata ya kike. Ikasoma. Mama Riziki akainua nyusi.

"Sasa ni masœur," akasema, maana yake mtawa. "Padiri ilinishinda, utaniletea masœur?"

Nikacheka, naye akacheka, halafu hakucheka tena. Alikaa akipangusa meza iliyokuwa safi. "Macho ilienda, Papa Kasereka," akasema. "Sauti njo ilibakia. Na yenyewe wakiikamata, nitabakia nani?" Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yangu kukosa maneno, nami niliogopa kwa ajili yake, maana Jumamosi ilikuwa mlangoni.

Akasema tule kwanza. Alikuwa amepika sombe, majani ya muhogo. Mama Riziki hupakua mwenyewe: mkono wa kushoto unashika ukingo wa sahani, wa kulia unaleta kijiko kikubwa, na mgeni ndiye anayesema basi. "Utaniambia," akasema, akaanza kupakua. Mimi nilikuwa nimerudia hali yangu ya kawaida, namweleza jambo fulani kuhusu batterie, na sombe ikawa inapanda. Nilipotazama chini, sahani ilikuwa mlima Nyiragongo na sehemu ya bugali ilikuwa imefunikwa.

"Aksanti, mama," nikasema.

Kijiko kikasimama hewani.

Nikakitazama kile kijiko. Mafuta ya mawese yalidondoka mezani. "Mama," nikamwambia, "nimekukatia kazi?"

"Kazi gani?"

"Ulikuwa ungali unapakua. Nimekusimamisha katikati."

"Papa, umesema aksanti. Mutu akitosheka anasema aksanti. Ni adabu."

"Haukukasirika?"

"Nitakasirika juu ya nini?" Kijiko kilikuwa bado juu. Niliona uso wake unabadilika polepole, na kwa mara moja katika maisha yangu nilikuwa na busara ya kufunga mdomo. "Basi Padiri naye," akasema, "akishanipatia maneno ya kunitosha..."

"Unamwambia aksanti."

"Na nikisikia tena njaa?"

"Unamwambia aongeze."

Alirudisha kijiko ndani ya sufuria kwa nguvu. "Weye uliniambia touche ya kunyamazisha," akasema kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. "Hii si ya kunyamazisha. Hii ni touche ya aksanti. Mbona haukuniambia toka mwanzo?"

Sombe ikapoa mezani. Tulifanya mazoezi mpaka jirani akachungulia mlangoni kuuliza kwa nini Mama Riziki anashukuru hivyo, amepewa nini. Ili kidole kikubali, mdomo ulikisindikiza: kila alipobonyeza alisema "aksanti". Padiri alikatika katikati ya misiba, katikati ya karti zilizopotea na mbuzi waliotoroka, na hakuna aliyekosewa heshima. Nikamwambia kwamba hewani asiliseme neno lile, alifanye kwa kidole tu. Akasema sawa.

Jumamosi niliketi kwenye kiti cha ukutani nje ya studio, kompyuta ya akiba magotini, mkurugenzi amesimama kando yangu akitazama saa yake. Kupitia kioo nilimwona Mama Riziki akigusa kitufe cha kona. Akaanza.

"Familia ya marehemu muzee Bauma, aksanti, inatangazia ndugu na marafiki wote, aksanti, wale wa Sake na wale wa hapa Goma, aksanti, kwamba muzee wao aliaga dunia jana, aksanti..."

Nikashika kichwa. Kidole na mdomo walikuwa wamejifunza pamoja na hakuna aliyekubali kumwacha mwenzake. Lakini kimya hakikuwepo. Hakuna jina lililorukwa, hakuna mjomba aliyesahauliwa, mahali pa mazishi palitajwa kwa njia na kona zake. Mkurugenzi alisikiliza amekunja uso. Tangazo likaisha, likaja la karti, likaja la ndama, yote yakiwa na aksanti zake.

"Hizi aksanti ni za nani?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni za Padiri," nikamjibu.

"Padiri gani?"

Nikavuta pumzi ili nimweleze tangu mwanzo, na kwa bahati simu ya ofisini ikalia. Mkurugenzi akaipokea, akasikiliza, akafunika simu kwa mkono. "Ni mama moja wa Keshero," akasema. "Anasema ni mara ya kwanza radio inashukuru batu juu ya kusikiliza. Anauliza kama itakuwa vile kila Jumamosi." Akarudi kwenye simu. "Ndiyo, mama," akasema. "Itakuwa vile."

Hivyo ndivyo Mama Riziki alivyorudi kwenye kiti chake. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya jenereta, nikalia kidogo, na silifichi. Baada ya muda aksanti za katikati zilihama mdomoni zikabaki kidoleni, kama tulivyotaka. Ile ya mwisho wa tangazo aliiacha makusudi. Siku hizi hata watu wanaoleta matangazo yao wanamalizia na aksanti, wakidhani ni sheria ya radio.

Pale kituoni neno likaenea. Hakuna mwanafunzi wetu aliyekubali tena kukiita kitufe kile jina lingine. Siku moja alitujia mwalimu mgeni kutoka Bukavu, mtu mzuri, akawaambia wanafunzi wabonyeze contrôle. Hakuna aliyesogea. Mwanafunzi mmoja akainua mkono akauliza, "Ni aksanti?" Mgeni akajibu kwa upole, "Karibu sana," akaendelea na somo. Wanafunzi wakaendelea kungoja. Ilibidi niingie kati kueleza, na maelezo yangu yalikula muda wote uliobaki. Muzee Kambale wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi Butembo. Nilimpigia simu nikamsimulia, akacheka, akauliza kama mimi mwenyewe nimewekewa kitufe hicho. Nikamwambia bado. "Tutaona," akasema.

Mwezi uliopita mlinifanyia sherehe ya kuniaga. Mlikodi viti, mkatundika karatasi za rangi, mkamweka Mama Riziki kuwa mwenye kuendesha maneno. Yeye pia ndiye aliyepika. Nilipopewa mikro nilikuwa nimejiandaa kusema machache tu. Nilianza na shukrani. Kutoka hapo nikapita kwenye vumbi, nikagusa écouteurs, nikaona ni vizuri kuwakumbusha vijana kwamba kompyuta haiachwi kwenye courant usiku kucha, kwa sababu batterie nayo ina tumbo lake. Niliona watu wa nyuma wanabadilisha miguu. Niliona mke wangu anatazama dari. Lakini jambo la batterie ni muhimu, na nilikuwa nimefika mahali ambapo ndipo hasa jambo linaanza.

"Sasa ile bat..."

"Aksanti, Papa Kasereka."

Alilisema kwa sauti yake ya Jumamosi, ile inayosamehesha wadai, bila haraka, kidole chake kidogo kimegusa meza kwenye kona ya kushoto. Nikasimama katikati ya neno. Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko, wanafunzi wakigongagonga viti, mke wangu akifuta machozi kwa pembe ya kitenge. Mwanamke ambaye hakuweza kuikatiza hata mashine alikuwa amenikatiza mimi mbele ya watu wote, nami sikukosewa heshima hata chembe. Nilijawa na furaha ambayo siwezi kuieleza, na mnajua kwamba mimi hueleza.

Nikarudisha mikro, nikaketi. Mama Riziki akaja na sufuria yake, akapapasa ukingo wa sahani yangu kwa mkono wa kushoto, akachota sombe.

"Utaniambia," akasema.

Kijiko kilienda, kikarudi. Kikaenda tena. Bugali ilifunikwa, ukingo wa sahani ukafunikwa, mafuta yakaanza kutafuta njia ya mezani. Alikuwa anatabasamu, anangoja neno lake, nami nilikaa kimya, nikamwacha apakue.